Ukumbi Hauondoki

Kwa miaka saba wanawake wa kikundi chetu walimwita Bi Hewa, nami nikiwa nimekaa palepale nikimenya vitunguu, sikuwahi kumtetea. Jina lilitungwa na Samson, mshereheshaji wetu, yule anayepewa kipaza sauti kwenye kila harusi na kila kipaimara cha Watanzania hapa Toronto. Alisema yule mama alikuja kwetu, akala pilau, akavishwa khanga, akatuachia hewa. Watu walicheka sana. Nilicheka na mimi.

Jina lake halisi ni Moira Geddes. Alikuwa diwani wa kata yetu, Mount Dennis na mitaa inayopakana nayo, kwa miaka kumi na minane. Ninaandika maisha yake kama ninavyoyafahamu, kwa sababu nilimfanyia kazi miaka miwili, na kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia.

Alizaliwa Greenock, mji wa bandari huko Uskoti. Baba yake alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha meli, mama yake aliosha vyombo katika kantini ya shule. Walikuwa watu sita katika vyumba viwili, na choo kilikuwa ngazini, wakikitumia pamoja na majirani. Moira alipokuwa na miaka mitano, mwanasiasa mmoja aliingia kwao wakati wa kampeni, akaketi kwenye kiti cha baba, akamwambia mama yake kwamba kabla ya Krismasi atapata nyumba yenye bafu. Mama aliamini. Akaanza kununua taulo, moja moja, akiziweka sandukuni. Nyumba ilipatikana baada ya miaka kumi na minne. Siku ya kuhama walifungua sanduku wakakuta taulo zimeliwa na nondo. Moira alinisimulia kisa hiki mara moja tu, ndani ya gari lake, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Eglinton, na aliposimulia alikuwa akitazama mbele tu, mikono yote miwili kwenye usukani.

Alikuja Toronto mwaka 1974 akiwa na miaka ishirini, pamoja na mumewe Alec aliyepata kazi kwenye kiwanda cha ndege kule Downsview. Yeye aliajiriwa duka la mikate, barabara ya Weston. Hawakupata mtoto, na Alec alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo kabla hawajamaliza miaka kumi na miwili hapa. Nadhani baada ya hapo angerudi kwao, kama si kile kivuko cha barabarani.

Karibu na duka la mikate palikuwa na shule, na watoto walivuka barabara mahali ambapo malori hayapunguzi mwendo. Msichana mmoja aligongwa, akavunjika mguu. Wazazi walikwenda kulalamika wakaambiwa hakuna takwimu zinazoonyesha kwamba pale ni pa hatari. Moira akachukua kreti ya mikate, akaikalia pembeni ya barabara kwa asubuhi kumi na moja kabla ya kuingia kazini, akahesabu malori. Aliandika hesabu juu ya karatasi za kufungia mikate. Alipozipeleka baraza la manispaa, bwana mmoja akamwambia kwamba hizo si takwimu rasmi. Moira akamwomba amwonyeshe zilizo rasmi. Hazikuwepo. Taa ziliwekwa mwaka uliofuata, na wazazi walewale wakamwambia agombee bodi ya shule. Alishinda kwa kura thelathini na moja. Akakaa bodi ya shule miaka kumi na miwili, halafu mwaka 2000 akawa diwani.

Watu waliofanya naye kazi walimfahamu kwa jambo moja: hakuahidi kitu. Alikuwa na majibu matatu. Ninaweza. Siwezi. Nitauliza, nikujibu Ijumaa. Na Ijumaa alipiga simu, hata kama ni kusema bado hajajibiwa. Kwenye vipeperushi vyake vya kampeni aliweka orodha mbili, moja ya mambo aliyoyafanya na nyingine ya mambo yaliyomshinda, na ile ya pili wakati mwingine ilikuwa ndefu zaidi. Wapinzani wake walisema mama huyu ni mkavu, hana ndoto. Wapiga kura walizoea. Nilisikia mzee mmoja Mjamaika akimwambia mwenzake kituo cha basi kwamba Geddes akikwambia mvua itanyesha, usiangalie juu, chukua mwavuli.

Mimi alinichukua mwaka 2016, nilipomaliza chuo. Kwenye usaili sikuweza kusema karibu chochote. Niliulizwa kwa nini naipenda kazi hii, nikatazama meza. Juu ya meza palikuwa na kipeperushi cha ofisi, na kwa kuwa sikujua macho yangu niyapeleke wapi nilikisoma, nikamwonyesha kwamba kina makosa matatu. Akanipa kazi siku hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kusoma barua za wananchi na kuandaa majibu, jambo linalomfaa mtu asiyependa kuongea na watu. Niliipenda sana kazi ile. Nilimpenda na yeye, ingawa sikumwambia.

Sasa niseme habari za kikundi. Kinaitwa Tuinuane. Wakati huo kilikutana kila Jumamosi kwenye ukumbi wa chini wa jengo tunaloishi, ghorofa kumi na tisa, barabara ya Weston. Mama yangu, Dorotea, ambaye ni mhudumu wa wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, ndiye alikuwa katibu. Mwenyekiti alikuwa Mama Espérance, Mkongo aliyefika hapa kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nusu ya wanachama walikuwa Wakongo waliopita kambini kama yeye, nusu Watanzania. Humo ukumbini watoto walifundishwa Kiswahili, wakajibu kwa Kiingereza. Humo tulilia pamoja misiba ya nyumbani ambayo hatukuweza kuisafiria. Anayefiwa Mwanza au Bukavu analetwa pale, anaketishwa kwenye mkeka, watu wanampokea kama vile maiti iko chumba cha pili. Kwa wengi wetu ukumbi ule ndio ulikuwa ua wa nyumbani.

Aprili mwaka 2018, tangazo lilibandikwa karibu na lifti. Mwenye jengo ameomba kibali cha jiji ageuze ukumbi kuwa nyumba tatu za kupangisha. Tangazo lilitaja tarehe ya kikao cha kamati na kusema mkazi yeyote anaweza kuandika barua au kufika kusema.

Mama alilisoma mara mbili, akapanda juu, akaniambia, "Wewe si unafanya kazi kwa mheshimiwa? Tumwite awe mgeni rasmi."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na kosa lenyewe mzungu asingeweza kulifanya. Kwetu mgeni rasmi haitwi kula. Anasomewa risala. Risala ina shukrani, ina changamoto, halafu ina maombi, na akimaliza kusomewa anasimama kujibu ombi moja baada ya jingine. Anaweza kutoa pungufu ya alichoombwa, lakini hawezi kutoa sifuri. Mtu asiye na uwezo haketishwi meza kuu. Ukimketisha, aibu si yake, ni yako wewe uliyemwalika. Yote haya niliyajua kama ninavyojua kula kwa mkono wa kulia. Moira sikumweleza hata moja. Nilimwambia tu kwamba akina mama wa jengo letu wanamkaribisha chakula cha mchana Jumamosi na wangependa kuzungumza juu ya ukumbi. Akasema sawa, atakuja, atawaeleza ukweli.

Walijiandaa wiki mbili. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe, meza kuu iliwekewa maua na soda tatu za aina tatu. Mama aliiandika risala usiku baada ya zamu, akairudia mara nne. Walinunua khanga ya kumvisha mgeni akishajibu. Moira alipoingia watu wote walisimama, Samson akamtangaza kwa sauti ya mtu anayemtangaza waziri, na yeye akageuka nyuma kuona nani anakuja.

Mama alisoma risala kwa Kiswahili, mimi nikimnong'oneza Moira sikioni. Mwisho mama akasoma ombi, akiwa ameishika karatasi kwa mikono miwili: "Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakuomba utuokolee ukumbi wetu."

Moira akasimama. Nikapewa kipaza sauti cha pili. Alizungumza dakika tatu hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo. Alisema ukumbi huu yeye hawezi kuuokoa. Kwenye kamati inayoamua yeye hayumo, hana kura pale. Ataandika barua, lakini barua yake ni karatasi moja. Wanaoweza kuuokoa ni wao. Wafike Jumatano tarehe tisa Mei, saa nne asubuhi, wakijaze chumba cha kikao, waje na watoto, waje na wazee, kila mmoja aseme sentensi moja kwa lugha yoyote na atatafutiwa mtafsiri. Wasipokuja, wataupoteza.

Akanitazama, zamu yangu.

Niliwatazama wale wanawake. Mama alikuwa amevua miwani na kuishika mapajani. Mama Espérance alikuwa tayari na khanga mikononi, imekunjwa vizuri, akisubiri neno. Wale wanaojua Kiingereza vizuri walikuwa jikoni wanapakua, vijana walikuwa koridoni na simu zao, na hao waliobaki lafudhi ya Moira ilikuwa imewashinda tangu salamu. Kwa hiyo palikuwa na mimi tu. Na mimi sikuweza kusimama mbele ya mama yangu nikasema kwamba mgeni rasmi aliyemwalika amesema hawezi.

Nikasema, "Mheshimiwa anashukuru sana kwa mapokezi. Ombi lenu amelipokea kwa uzito. Atawaandikia wahusika barua, na Jumatano tarehe tisa Mei atakwenda yeye mwenyewe kwenye kamati kusimama kwa niaba yetu." Watu walikuwa wameanza kuinuka, vinywa tayari kwa vigelegele, nami nikaongeza, "Ukumbi hauondoki."

Hayo maneno mawili hakuna aliyeniomba.

Vigelegele vilipasua ukumbi. Samson aliyachukua maneno yangu akayatia mdundo, ukumbi hauondoki, watu wakaitikia hauondoki, na Mama Espérance akamvisha Moira khanga mabegani. Moira alikuwa mwekundu usoni, si mtu wa kushangiliwa. Aliinama akaniuliza sikioni, "Watakuja, basi?"

Nikamjibu kwamba watakuja.

Zilikuwepo siku kumi na moja za kurekebisha. Niliandika ujumbe kwenye kundi la simu la Tuinuane, wenye tarehe na saa na jina la jengo, nikaufuta. Niliuandika tena. Siku moja, mama akipiga pasi sare yake, nilimwambia ingekuwa vizuri watu wachache waende na mheshimiwa. Akasema, "Si atakuwepo mwenyewe? Mimi Jumatano nina zamu." Aliuliza kwa wepesi, kama mtu aliyekwisha kutua mzigo. Nikasema ni kweli, atakuwepo.

Jumatano ile Moira alifika mapema. Alikuwa ameomba chumba kikubwa zaidi, chenye viti arobaini, na alibeba mfuko wa biskuti kwa ajili ya watoto. Nilikaa safu ya tatu. Saa nne ilipofika aliwaomba wajumbe waanze na maombi mengine kwanza, watu wake wako njiani, foleni ya asubuhi wanaijua. Wakakubali. Akawa anatazama mlango. Kila ulipofunguliwa aliinua kichwa, akaona ni karani, akakishusha. Baada ya saa nzima mwenyekiti wa kamati akasema hawezi kusubiri zaidi. Moira alisoma barua yake, akaongea kwa dakika sita, vizuri, bila chumvi.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mkazi yeyote wa jengo hilo aliyepo chumbani.

Nilikuwepo mimi. Nimekulia kwenye jengo hilo. Nimejifunza kusoma Kiswahili kwenye ukumbi huo. Sentensi moja ingetosha, na sikuhitaji mtafsiri. Nikatazama viatu vyangu. Moira hakugeuka kunitazama, labda alinihesabu kama mfanyakazi wake, labda hakutaka kunilazimisha kwa kuwa alijua nilivyo. Mwenyekiti akaandika kitu. Kibali kilitolewa, na jambo zima halikuchukua muda mrefu kuliko kuagiza chai.

Kwenye gari aliendesha mpaka karibu na ofisi. Halafu akasema, si kwangu hasa, kwamba bila shaka hakueleza vizuri. Nilikuwa na mfuko wa biskuti mapajani.

Julai ukumbi ulifungwa kwa kufuli, na jina la Bi Hewa likazaliwa. Kiangazi hichohicho madiwani walipunguzwa karibu nusu, kata zikaunganishwa, na Moira akajikuta anagombea kiti kimoja na diwani mwenzake wa upande wa pili. Oktoba alikuja kwenye jengo letu kupiga hodi, ghorofa kwa ghorofa, na mimi nilijiombea kazi za ofisini ili nisimsindikize. Baadaye aliniambia kwamba milango ilifunguliwa kidogo, ikafungwa. Mama Espérance alimwambia kwa Kiingereza, sentensi aliyoonekana kuiandaa, kwamba wali wetu aliula. Moira aliniuliza nini kimetokea. Nilimjibu kwamba watu wamekasirishwa na habari ya ukumbi, na hilo lilikuwa kweli, na kwa ajili hiyo ndilo nililolichagua.

Alishindwa kwa kura zaidi kidogo ya mia mbili. Sisemi kwamba kura hizo zilikuwa zetu, wengi wetu hata uraia walikuwa hawajapata. Lakini alikuwa mtu asiye na mtaji mwingine isipokuwa neno lake, na kwenye ghorofa kumi na tisa neno hilo lilikuwa kichekesho. Alifunga ofisi mwenyewe, akapanga majalada ndani ya maboksi, akamwachia aliyemshinda maelezo ya kila kesi iliyobaki. Halafu akachapisha kipeperushi cha mwisho, ambacho hakikuwa na faida tena, kwa sababu hakuwa anagombea chochote. Kwenye orodha ya yaliyomshinda, ya mwisho kabisa, aliandika: "Ukumbi wa barabara ya Weston. Niliwaita watu, hawakuja. Sikueleza vizuri." Nilikisahihisha mimi kipeperushi hicho. Hakikuwa na kosa hata moja la uandishi.

Nikapata kazi maktaba. Siku hizi Tuinuane wanakutana chini ya kanisa moja kule Downsview, wakimaliza saa nane kamili kwa sababu kuna wengine wanaingia saa nane na robo. Mkeka wa misiba unakunjwa mtu bado analia. Nimekwenda karibu kila Jumamosi kwa miaka hiyo yote, sijui kama ni kwa kutubu au kwa kujificha.

Mwaka huu, mwezi Machi, Lynette, mama kijana aliyehamia kutoka Brampton, alipendekeza tumwalike diwani wa sasa tumweleze shida ya ukumbi. Watu wakaguna. Mama Espérance akasema wazo ni zuri na Goretti atatafsiri. Goretti ni mimi. Samson akasema, "Sawa, ila mumkague mlangoni, asije akawa Bi Hewa wa pili."

Walicheka kama kawaida. Mara hii mimi sikucheka.

Jumatatu yake nilikwenda kwa Moira. Anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo ya ghorofa ya nne, si mbali na kwetu, na anatembea kwa mkongojo. Alifurahi kuniona, na furaha hiyo ilinipa shida kuliko kitu kingine. Nikamwambia kabla hajamimina chai, kwa sababu nilijua nikisha kuinywa nitarudi nyumbani bila kusema.

Hakunielewa mara ya kwanza. Akaniomba nirudie taratibu. Kisha akaniuliza kama alivyozoea kuwauliza wananchi ofisini: nilisema maneno gani hasa, kwa mpangilio gani, vigelegele vilikuja baada ya neno lipi. Nilipomtafsiria "ukumbi hauondoki" alifumba macho.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba nimekuwa nikiitunga upya ile hotuba. Nikiwa bafuni. Nikiwa kwenye basi. Nilidhani ni lafudhi yangu."

Nilimwomba msamaha. Akafikiri, akasema, "Siwezi."

Hakuwa mkali. Alikuwa akinijibu tu. Kisha akauliza kama mama yangu anajua, nikasema hajui, hakuna anayejua.

"Basi umenianza mimi kwa sababu mimi ndiye rahisi," alisema.

Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Mama alikuwa anachambua mchele mezani, nikamwambia nikiwa nimesimama. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Nilitegemea atasema wewe ni mtoto wangu, ulitaka kunistahi. Aliweka ungo chini na kusema, "Kumbe mimi ndiye niliyemtukana yule mama. Kwa mdomo wako, lakini ni mimi." Kwa siku nne hakuongea nami isipokuwa habari za vyombo.

Jumamosi nikasimama mbele ya kikundi. Sijawahi kusimama mbele ya watu tangu siku ile ya kipaza sauti. Niliwaambia alichosema Moira, na nilichosema mimi, kimoja baada ya kingine. Sikuwaambia habari ya safu ya tatu. Nilijiambia kwamba hiyo ni nyingine, haihusiani na tafsiri.

Samson alivua kofia yake. Mama Espérance ndiye aliyeuliza.

"Kwa nini, binti?"

Nikasema sikutaka kuwavunja moyo. Sikutaka wasikie kwamba mgeni rasmi hawezi.

"Sisi?" akasema. "Sisi wa Nyarugusu? Miaka kumi na minane tuliambiwa hapana, kila mwezi, kwa karatasi, tukaweka kidole cha wino. Hakuna mtu alikufa na neno hapana. Ungetuambia hapana, tungevaa viatu tukaenda."

Hakuna aliyepaza sauti. Mwanamke mmoja aliyempoteza mwanawe Uvira mwaka ule ukumbi ulipofungwa, na akapokea rambirambi kwenye ngazi za dharura kwa kukosa mahali, alisimama akatoka nje. Sikumfuata.

Waliamua hapohapo kwamba wataenda kumwomba radhi, kwa utaratibu, watu wanne. Lynette alisema anaweza kutafsiri, Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha wengi. Mama alikataa.

"Ulipoharibikia mdomo ndipo utengenezee," aliniambia, maneno yake ya kwanza marefu tangu Jumatatu. "Neno kwa neno. Hata akitutukana, utatutukana."

Tukaenda Jumamosi iliyofuata: Mama Espérance, mama, Samson na mimi. Moira alikuwa ametandika kitambaa mezani. Mama Espérance alizungumza akiwa amesimama, akisema tulimwalika, tukamla nyama mgongoni miaka saba, tukampa jina. Nilitafsiri. Moira akataka kujua jina gani. Samson alitazama zulia. Nikamwambia jina, na maana yake, na nani alilitunga, na kwamba mimi nililicheka. Moira alitikisa kichwa taratibu, akasema wao Greenock wangetunga baya zaidi.

Samson akacheka kidogo, peke yake, akaacha.

Kisha Moira akaweka mkongojo kando, akasema nitafsiri haya. Alisema hasira yake haijaisha na hataki kuwadanganya. Amewakasirikia wao pia. Alipiga hodi milango mia moja na kumi katika jengo lile, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kulikoni. Walimwamini mtu mmoja mwenye kipaza sauti, kisha wakamhukumu mwingine bila kumuuliza. Nilitafsiri yote. Mama Espérance aliitikia kila sentensi, ndiyo, ndiyo, ni kweli.

"Na huyu," akasema Moira, akinitazama mimi, "alikuwa safu ya tatu siku ya kikao. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mkazi. Nilijua yupo nyuma yangu. Nilisubiri nisikie kiti kinasogea."

Kumbe alisubiri. Siku zote nilidhani hakunihesabu.

Watu watatu walinigeukia, wakingoja Kiswahili chake. Mama alikuwa ameshika miwani mkononi. Ningeweza kusema lolote. Nikasema, "Anasema mimi nilikuwepo siku ya kikao, safu ya tatu. Aliulizwa mkazi wa jengo, na mimi ni mkazi. Alisubiri nisimame. Sikusimama. Nilitazama viatu." Hilo la viatu yeye hakulisema, kwa hiyo nikamgeukia nikamwambia kwa Kiingereza kwamba nimeongeza neno, na ni lipi.

Uso ulikuwa unaniwaka mpaka masikioni. Mama alivaa miwani yake, akanitazama muda mrefu kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa karibu na lifti, kisha akamgeukia Moira.

"Mwambie aendelee," alisema.

Nikamwambia. Akaendelea.